Kurudi kwa Nyota ya Halley Mwaka 1759

Kwa karne nyingi wataalamu wa falaki wa Ulaya hawakujua nyota zenye mkia zatoka wapi wala zaenda wapi. Aristotle alizihesabu kuwa moto uwakao hewani, chini ya mwezi. Hata mwaka 1577 Tycho Brahe akapima mojawapo, akaonyesha ya kuwa iko mbali kupita mwezi. (Neno kimondo liachwe hapa, maana kimondo huwaka nukta chache kikazimika, bali nyota yenye mkia huonekana kwa majuma mengi.)

Mwaka 1705 Edmond Halley, Mwingereza, alichapisha hesabu za njia za nyota 24 za namna hiyo, akifuata kanuni ya mvuto ya Newton. Akaona ya kuwa zile za mwaka 1531, 1607 na 1682 zilipita karibu njia moja, akatambua kuwa ni moja irudiyo. Lakini vipindi vyake havikulingana: cha kwanza kilizidi miaka 76, cha pili hakikutimia 75. Halley alidhani kwamba Mshtarii, sayari iliyo kubwa kuliko zote, ndiyo iliyoivuta, akabashiri kuwa itaonekana tena mwishoni mwa 1758 au mwanzoni mwa 1759. Alifariki mwaka 1742.

Jambo lililongojewa halikuwa dogo, kwa kuwa kanuni yenyewe ya Newton ndiyo iliyokuwa ikijaribiwa. Alexis Clairaut wa Paris, aliyeshika kazi ya hesabu, alikuwa ametangaza mwaka 1747 kuwa kanuni hiyo ina kasoro, kisha akayafuta maneno yake mwaka 1749. Kazi ilikuwa nzito mno. Nyota hiyo ikiwa mbali na jua hwenda polepole sana, hivyo mvuto mdogo wa sayari waweza kuichelewesha siku nyingi. Ilibidi kupima mvuto wa Mshtarii na Zohali hatua kwa hatua, kwa muda wa miaka 150. Jérôme Lalande na Bibi Nicole-Reine Lepaute walisaidia, wakihesabu tangu asubuhi hata usiku, muda wa miezi sita.

Mnamo Novemba 1758 Clairaut akatangaza: nyota itachelewa siku 618, yaani 518 kwa sababu ya Mshtarii na 100 kwa sababu ya Zohali, nayo italikaribia jua katikati ya Aprili, pengine kwa tofauti ya mwezi mmoja. Usiku wa Krismasi Johann Palitzsch, mkulima wa karibu na Dresden, akaiona kwa darubini yake. Ikapita karibu na jua tarehe 13 Machi 1759. Katika kitabu chake cha mwaka 1760 Clairaut hakumtaja Bibi Lepaute, nalo ni doa katika kazi njema. Lalande ndiye aliyemshuhudia.

Mwaka 1910, hesabu zilipokuwa bora zaidi na Uranus na Neptune zimekwisha kujulikana, nyota ilichelewa tena siku tatu. Sababu ilielezwa na Fred Whipple mwaka 1950. Kiini chake ni barafu iliyochanganyika na vumbi, mabaki ya zamani za kuumbika kwa sayari. Likaribiapo jua, bonge hilo hutoa mvuke kwa nguvu, na mvuke huo hulisukuma kidogo nje ya njia yake. Machi 1986 chombo Giotto kilipita umbali wa kilometa 600 hivi, kikapiga picha za mvuke huo ukifoka upande wa jua.