Kuvuta tyubu kwa boti ya jeti bila kuwamwagia abiria maji usoni

Kila sikukuu zikikaribia hupigiwa simu na watu wa maboti kuulizwa jambo lile lile. Mtu amenunua boti ya jeti, amenunua na tyubu kubwa ya kuvuta, wateja wanapanda wakicheka na kushuka wakifikicha macho. Boti inawamwagia maji usoni tangu kamba inyooke hadi warudi ufuoni. Safari hii nimeona niandike, ili akipiga mwingine nimwelekeze hapa.

Najua kuna watakaosema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nami nilikuwa nikiwajibu wateja hivyo hivyo, miaka ile nilipokuwa nahodha wa boti ya kuburudisha wageni na watoto wa mtaani kwetu. Kisha ikaja Idi moja, nikampakia mtoto wa dada yangu, miaka tisa, pamoja na mwenzake. Sikuwa na mtu wa kutazama nyuma. Nilikuwa peke yangu kwenye usukani, nikigeuza shingo mara moja moja. Nikamwona kijana ameinua mkono. Nikadhani anafurahia, nikaongeza mwendo. Mkono ukashuka, halafu naye akaachia, akatumbukia. Jaketi okozi lilimweka juu. Nilipomfikia alikuwa akikohoa na kutapika maji ya chumvi, macho mekundu.

"Mjomba, nilikuwa nakuita," akaniambia. "Maji yananipiga puani, nashindwa kuvuta pumzi."

Tangu siku hiyo silichukulii jambo hili kama suala la nguo kulowa. Abiria wa tyubu hawezi kukaa mkavu kabisa, na anayekuahidi hivyo anakuuzia kitu. Anachotakiwa ni kuona, kupumua, na mkono wake kuonekana na aliye kwenye boti. Mkia wa maji ukisimama katikati yenu, yeye hakuoni na wewe humwoni.

Tuanze na chanzo. Boti ya kawaida husukumwa na rafadha iliyo chini ya maji, na msukosuko wake mwingi hubaki huko huko chini. Boti ya jeti haina rafadha ya nje. Ina pampu tumboni inayonyonya maji kupitia wavu ulio chini ya boti, na kuyatema kwa nguvu kupitia mdomo wa bomba ulioko kwenye tezi. Aliyeufanya mtindo huu ufae kweli ni William Hamilton wa New Zealand, katika miaka ya 1950, aliyetaka kupanda mito ya kwao isiyo na kina. Mwanzo maji yalitoka chini ya boti na mwendo ukawa wa kusikitisha. Alipouhamisha mdomo wa bomba ukawa juu kidogo ya usawa wa maji, boti ikakimbia. Basi hapo ndipo lilipozaliwa tatizo letu: boti ikishashika mwendo na kukaa juu ya maji, mkondo wa pampu hutoka hewani, hupanda, kisha hudondoka mita kadhaa nyuma. Ukiwa umefunga tyubu mahali pale unapodondoka, umeifunga chini ya mfereji.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, toa boti bila tyubu. Mwombe mwenzako akae kwenye boti nyingine, au asimame gatini, akupige video ya ubavuni ukipita kwa mwendo ule ule unaovutia wateja. Utaona mkia unapanda hadi wapi na unaanguka wapi. Wengi niliowafanyia hivi walikuwa wakibishana mwezi mzima juu ya kitu ambacho video ya nusu dakika ilikimaliza.

Tiba ya kwanza ni kamba. Watengenezaji wa vifaa hivi hupendekeza kamba ya tyubu iwe kati ya mita 15 na 20. Chini ya hapo abiria yuko ndani ya mkia na karibu mno na pampu. Zaidi ya hapo tyubu hupiga upinde mkubwa kwenye kona na kwenda usikotaka, penye waogeleaji au kwenye nanga za mashua. Mwenye kamba ya mita 12, na wako wengi kwa sababu kamba huchakaa ikakatwa na kufungwa tena, aanzie hapo. Mita tano za kamba mpya zinaweza kuwa ndizo dawa yote.

Lakini si kamba yoyote. Iwe ya polipropilini, ile inayoelea. Kamba ya nailoni huzama, na kamba iliyozama nyuma ya boti ya jeti hunyonywa na pampu kama tambi. Nimewahi kupiga mbizi na kisu, wimbi linanipiga kichwa kwenye tezi, nikikata kamba iliyojizungusha kwenye shafti, huku wateja wanaelea wakinisubiri. Ikikutokea, zima injini na utoe ufunguo kabla ya mtu yeyote kushuka. Nailoni pia hurefuka inapovutwa, na ikikatika hurudi kwa kasi na inaweza kumng'oa mtu jicho.

Angalia na nguvu ya kamba. Kipimo kinachotumika kwa tyubu ni kwamba kamba isikatike chini ya mzigo wa takriban kilo 680 kwa abiria mmoja, kilo 1,080 kwa wawili, 1,520 kwa watatu na 1,860 kwa wanne. Namba hizo zinaweza kuonekana kubwa, lakini tyubu inapochimba maji kwa pua, mvuto wake haufanani na uzito wa watu waliokaa juu yake.

Tiba ya pili, na ndiyo ninayoipenda, ni boya la kamba. Ni mpira mkubwa wa kupuliza unaofungwa kati ya boti na tyubu. Kazi yake ni mbili: huinua kamba isilale majini, maana kamba inayokata maji hurusha matone yake yenyewe hadi usoni kwa abiria, na kwa ukubwa wake hukinga sehemu ya yale yanayotoka kwenye boti. Lifunge kwa jinsi kijitabu chake kinavyosema, maana kila moja lina ncha zake, na ukubwa wa boya ulingane na idadi ya abiria. Boya dogo likivuta watu wanne huzama, na likizama linakuwa chanzo kingine cha maji. Wapo wanaotumia mtungi wa plastiki wa lita 20 badala yake. Nimejaribu. Ulipasuka mkono wake siku ya pili.

Sasa niseme juu ya kufunga kamba juu, kwa sababu hapa ndipo watu huumia. Boti nyingi za jeti huja na mnara wa chuma kwa ajili ya wanaoteleza kwa ubao. Ukiifunga kamba huko juu inapita juu ya mkia wa maji, na abiria kweli anapata nafuu. Tatizo ni kwamba minara mingi haikutengenezwa kuvuta tyubu, na kijitabu chake husema hivyo waziwazi. Mwenye ubao akizidiwa huachia mpini, tyubu haiachii. Ikichimba maji, mnara hupinda au hung'oka pamoja na skrubu zake, na unaanguka juu ya walio ndani ya boti. Tumia pete ya tezi iliyowekwa kwa kazi hiyo. Kama boti ina pete mbili za pembeni, tumia kamba ya pembe, ile yenye umbo la V, ili mvuto ugawanyike.

Kuna wanaotaka kuchomelea bati juu ya mdomo wa bomba ili mkia ukandamizwe. Wazo si baya, na wako watengenezaji wanaouza vizuizi vya aina hiyo vinavyolingana na boti zao. Bati la jua kali ni jambo jingine. Boti ya jeti huongozwa kwa kugeuza mdomo ule ule wa bomba, na hurudi nyuma kwa kifuniko kinachoshuka mbele yake. Bati likigusa kimojawapo, huna usukani au huna rivasi. Nikumbushe pia, kwa manahodha wapya waliotoka kwenye injini za kawaida: boti ya jeti ukiachia mafuta ghafla, usukani nao unakufa, inaendelea mbele moja kwa moja. Anayemkwepa muogeleaji kwa kuachia mafuta tu anaweza kumwendea.

Kama boti yako ina mtambo wa kuinua na kushusha mdomo wa bomba, ushushe kidogo. Mdomo ukitazama juu, omo hunyanyuka na mkia hupanda kama wa jogoo. Ukishuka, mkia hulala. Haigharimu shilingi. Na wanaovuta kwa jetiski watazame nyuma: baadhi zina tundu dogo linalorusha maji juu kwa makusudi ili chombo kionekane kwa mbali. Tundu hilo kuna vizibo vyake.

Tyubu yenyewe pia huchangia. Tyubu isiyojaa upepo vizuri hulala, hukunja pua na kukusanya maji kama beleshi. Ijaze hadi iwe ngumu ukiikanyaga, lakini kumbuka jua la saa saba hutanua hewa, hivyo ikiachwa mchangani tangu asubuhi ipunguze kidogo. Zile za kulalia kifudifudi ndizo mbaya zaidi kwa maji, maana uso wa abiria uko pale pale pua inapopasua wimbi. Watoto wadogo siwalazi humo tena. Zile za kukaa kama kochi, zenye ukuta wa mbele, ni nafuu. Mzito akae nyuma, mwepesi mbele, pua inyanyuke.

Mwendo hauna siri. Kwa watu wazima usizidi kilomita 32 kwa saa, kwa watoto 24. Polepole mno nako ni kosa: tyubu haipandi juu ya maji, inalima. Kuna mwendo wa katikati ambapo inateleza na mkia wa boti umetulia, na ile video ya mwanzo itakuonyesha ni upi.

Usiendeshe mstari ulionyooka, kwa kuwa hapo tyubu iko sawia na mdomo wa bomba. Piga upinde mpana. Ukikata kulia, mdomo hugeukia kulia na mkia humwagika ndani ya kona, ilhali tyubu hutupwa nje yake. Abiria hupata hewa safi. Upinde uwe mpole tu, maana kwenye kona tyubu hukimbia kuliko boti.

Halafu kuna upepo, ambao hakuna kifaa kinachouweza. Kusi ikivuma, ukielekea joshini matone yote hubebwa hadi kwa abiria hata kamba iwe ndefu kiasi gani. Ukielekea demani huanguka karibu na boti. Mimi hupanga mzunguko hivi: kwenda joshini polepole, raha yote iwe wakati wa kurudi. Asubuhi kabla upepo haujaamka ni bora kuliko alasiri, na ndani ya mkono wa bahari kama wa Mtwapa ni shwari kuliko nje, ila hapo mwendo upunguzwe kwa sababu ya vyombo vilivyotia nanga. Ndani ya mwamba subiri maji yajae. Siku za bamvua maji ya Mombasa hushuka karibu mita nne, na pampu ya jeti penye kina kifupi hunyonya mchanga na mwani.

Mtu wa kutazama nyuma ni lazima, na kazi yake iwe hiyo tu, si kukusanya nauli wala kupiga picha. Kabla ya kuondoka wafundisheni abiria ishara: kidole gumba juu ongeza, gumba chini punguza, mkono kupita shingoni simama. Mkono ulioinuliwa wazi tu usiachwe bila maana. Kwangu mimi maana yake ni simama. Kila mmoja awe na jaketi linalomkaa. Mwenye buibui au dera refu alibane chini ya jaketi au avae suruali, nguo isizagae majini. Na anapopanda au kuanguka mtu nyuma ya boti, pampu isisukume maji hata kidogo: mkondo ule ukimpiga mtu kwa karibu unaweza kumwingia mwilini na kumwumiza viungo vya ndani, ndiyo sababu vibandiko vya watengenezaji hushauri suruali ya mpira.

Mkirudi, suuza kamba na boya kwa maji baridi, anika kivulini. Polipropilini huliwa na jua. Ikianza kutoa vumbi jeupe mkononi, ifanye kamba ya kuanikia nguo na ununue nyingine.