Tathmini ya walimu kwa matokeo ya mitihani

Tathmini ya walimu kwa matokeo ya mitihani ni utaratibu wa kupima utendaji kazi wa mwalimu kwa alama za wanafunzi wake katika mitihani sanifu, yaani mitihani inayotungwa na kusahihishwa kwa namna moja kwa shule zote. Umebishaniwa zaidi nchini Marekani, ambako umehusishwa na nyongeza za mshahara na hata kuachishwa kazi.

Namna ya kupima

Alama za mwisho peke yake hazitoshi kulinganisha walimu, kwa sababu wanafunzi huingia darasani wakiwa na viwango tofauti. Kwa hiyo hutumika kipimo cha ongezeko la thamani. Alama za miaka iliyopita hutumika kukadiria alama ambazo mwanafunzi anatarajiwa kupata. Akitarajiwa kupata 40 akapata 46, alama 6 za ziada huingia katika wastani wa mwalimu wake.

Historia

Njia hii iliendelezwa na mwanatakwimu William Sanders wa Chuo Kikuu cha Tennessee, na jimbo la Tennessee liliiingiza katika sheria yake ya elimu ya mwaka 1992. Mwaka 2009 serikali ya Rais Barack Obama ilianzisha shindano la Race to the Top, lenye dola bilioni 4.35, lililoyapa nafasi bora majimbo yaliyotathmini walimu kwa maendeleo ya wanafunzi. Sheria ya elimu ya mwaka 2015 iliizuia serikali kuu kuyalazimisha majimbo kufanya hivyo.

Hoja za pande mbili

Mwaka 2014 wanauchumi Raj Chetty, John Friedman na Jonah Rockoff walionyesha kwamba wanafunzi wa walimu wenye kipimo cha juu walielekea zaidi kwenda chuo na kuwa na kipato kikubwa ukubwani. Mwaka huohuo Chama cha Takwimu cha Marekani kilikumbusha kwamba, kwa tafiti nyingi, walimu huchangia asilimia 1 hadi 14 tu ya tofauti za alama kati ya wanafunzi. Tena, darasa likiwa dogo, kipimo cha mwalimu yuleyule huweza kupanda na kushuka sana mwaka hadi mwaka.

Mjini Houston walimu walikwenda mahakamani kwa kuwa fomula ilikuwa siri ya kampuni. Mwaka 2017 jaji aliruhusu kesi iendelee, akiona kwamba hawakuwa na njia ya kuhakiki alama zao. Baadaye wilaya ya shule ilikubali kutowaachisha kazi kwa alama zisizoweza kuhakikiwa.

Afrika Mashariki

Nchini Kenya, jaribio lililofanyika Busia na Teso liliwapa walimu wa shule 50 za msingi zawadi kulingana na matokeo ya mitihani. Alama zilipanda na vipindi vya ziada vya maandalizi ya mtihani viliongezeka, lakini mahudhurio ya walimu hayakubadilika. Zawadi zilipokoma, mafanikio hayo hayakudumu.