Kutoka Trastevere hadi Paquitequete: Historia Fupi ya Jumuiya ya Sant'Egidio

Msumbiji husherehekea Siku ya Amani kila tarehe 4 Oktoba. Tarehe hiyo mwaka 1992, mjini Roma, Rais Joaquim Chissano na Afonso Dhlakama, kiongozi wa waasi wa Renamo, walitia saini mkataba uliomaliza vita vya miaka 16. Mwaka 2017 nchi ikatimiza miaka 25 ya mkataba huo, na kesho yake, tarehe 5 Oktoba, watu wenye silaha wakavamia mji wa Mocímboa da Praia, kaskazini mwa nchi. Vita vya Cabo Delgado vikaanza hivyo, siku moja tu baada ya sikukuu. Waliokuwa wenyeji wa mazungumzo yaliyozaa mkataba ule wa Roma ni Jumuiya ya Sant'Egidio, na waliposikika tena huku kaskazini walikuwa Pemba, mji mkuu wa jimbo la Cabo Delgado, wakigawa chakula kwa wakimbizi wa visiwani. Habari zao huandikwa zaidi kwa macho ya Ulaya. Tuzitazame basi kutokea upande huu wa bahari.

Jumuiya ilianza mwaka 1968. Andrea Riccardi, mwanafunzi wa miaka 18 katika Liceo Virgilio, shule ya katikati ya Roma, alikuwa akisoma Injili na wenzake, kisha wakaona kusoma hakutoshi. Wakaenda pembezoni mwa jiji, kwenye vibanda walimoishi watu waliohama kutoka vijiji maskini vya Italia, wakaanza kuwafundisha watoto masomo ya jioni bila malipo. Madarasa hayo ndiyo yaliyokuja kuitwa Shule za Amani. Mwaka 1973 walipata makao katika iliyokuwa nyumba ya watawa wa Karmeli, mtaa wa Trastevere, na jina la nyumba hiyo likawa jina lao. Vatikani iliwatambua rasmi mwaka 1986 kama chama cha walei. Sasa wapo katika nchi zaidi ya 70, na walio wengi bado ni watu wenye kazi zao nyingine: mwalimu, karani, daktari, mwanafunzi. Jioni inapofika, wanakwenda kwa wazee, kwa wafungwa au kwa watoto wa mitaani.

Jambo linalowatofautisha na mashirika mengi ya misaada lilionekana wazi Krismasi ya mwaka 1982. Walitandika meza ndani ya basilika ya Santa Maria huko Trastevere, wakawaalika maskini wapatao ishirini, wakaketi nao kula. Desturi hiyo imeenea dunia nzima, mpaka magereza ya Msumbiji. Mswahili aliyewahi kufuturu kwenye mkeka mmoja na ombaomba wa mlango wa msikiti hahitaji maelezo marefu. Sadaka inayotolewa mlangoni humwacha kila mtu mahali pake. Ukishaketi na mtu ukamuuliza jina lake, na wiki ijayo ukarudi, hapo mambo yanageuka, na mwenye nacho naye hugundua kwamba kuna kitu alichopungukiwa.

Kwa Msumbiji, njia ilipitia urafiki wa namna hiyohiyo. Jaime Gonçalves, askofu wa Beira, aliwafahamu vijana hawa Roma katika miaka ya 1970, nchi yake ikiwa imetoka kupata uhuru na Kanisa likibanwa na serikali ya chama cha Frelimo. Wakaanza kwa kutafuta nafuu kwa Kanisa hilo, wakatuma misaada wakati wa njaa, wakasaidia wamisionari waliotekwa na Renamo kuachiliwa. Kwa hiyo pande zote mbili ziliwajua kabla neno "mazungumzo" halijatamkwa. Mwaka 1988 Gonçalves aliingia msituni kuonana na Dhlakama, na kwa kuwa wote wawili walikuwa Wandau, walielewana kwa lugha ya nyumbani.

Mazungumzo yalianza Julai 1990 katika nyumba ileile ya Trastevere. Upande wa serikali uliongozwa na Armando Guebuza, aliyekuja kuwa rais baadaye. Upande wa Renamo na Raul Domingos. Wapatanishi walikuwa wanne: Riccardi, padre Matteo Zuppi, Gonçalves, na Mario Raffaelli kwa niaba ya serikali ya Italia. Ilichukua miezi 27. Watu kama milioni moja walikuwa wamekwisha kufa kwa vita na njaa. Wenye nyumba hawakuwa na jeshi la kutishia wala hazina ya kuhonga, na nadhani huo ndio uliokuwa mtaji wao mkubwa: hakuna aliyewaogopa. Zuppi leo ni kardinali wa Bologna.

Baada ya amani likaja gonjwa. Mwaka 2002 Jumuiya ilifungua kituo cha kwanza cha mpango wake wa DREAM huko Machava, jirani na Maputo, ikitoa bure dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI wakati wataalamu wengi walikuwa wakisema Mwafrika maskini hatazimudu dawa hizo wala kuzifuata kwa saa. Walichokosea wataalamu kilionyeshwa na wagonjwa wenyewe. Wanawake waliopata nafuu walirudi vituoni kujitolea, wakawafuata nyumbani walioacha dawa, wakawasindikiza wajawazito. Aliyekuwa akihudumiwa akawa mhudumu.

Wasomaji wa Kongo watanikumbusha Goma, na wana haki. Floribert Bwana Chui alizaliwa huko mwaka 1981 katika familia yenye uwezo, akasomea sheria, na bado muda wake mwingi aliutumia kwa watoto wa mitaani katika Shule ya Amani ya Jumuiya. Kazini alikuwa mkaguzi wa ubora wa bidhaa zinazovuka mpaka. Aliletewa rushwa apitishe chakula kilichoharibika, akakataa, kwa kuwa alijua ni nani watakaokila. Julai 2007 alitekwa na kuuawa. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa mwenyeheri mjini Roma.

Sasa turudi Cabo Delgado, tuje Vamizi, mojawapo ya visiwa walikokimbia watu. Kisiwa hiki cha wilaya ya Palma kina urefu wa kilomita 12 hivi, na katika urefu huo ulimwengu wa aina mbili uliishi kwa ujirani: upande mmoja nyumba za kifahari za watalii waliokuja kutazama kasa na matumbawe, upande mwingine kijiji cha wavuvi Wamwani na wenzao waliopiga kambi kutoka Nampula na Tanzania. Ajira zilikuwepo, na hifadhi ya bahari ilisimamiwa na wanakijiji pia. Nisiwanyime wenye hoteli haki yao. Lakini kukaa karibu si kukutana. Ng'ambo, kwenye rasi ya Afungi, mradi wa gesi wa mabilioni ya dola ulikuwa ukijengwa huku vijana wa Palma wakiutazama kutoka nje ya uzio.

Septemba 2020 wapiganaji walifika Vamizi kwa mashua, wakawafukuza watu na kuchoma majengo, na hoteli haikusalimika. Mwezi uliofuata bahari ilijaa majahazi yakielekea kusini. Katika wiki chache watu zaidi ya 10,000 waliteremka ufukweni Paquitequete, mtaa wa kale wa Waislamu na wavuvi huko Pemba. Jahazi moja lilizama mwishoni mwa Oktoba karibu na kisiwa cha Matemo, na makumi ya watu wakafa.

Kabla magari ya mashirika hayajapanga foleni, wenyeji wa Paquitequete walikuwa wamekwisha kuwafungulia wageni milango ya nyumba ambazo tayari zilikuwa zimejaa. Sant'Egidio ya Pemba, kundi la Wakatoliki wa Msumbiji, iliwakuta maskini wakiwalisha maskini. Ikaongeza chakula, ikafungua Shule za Amani kwa watoto waliokimbia vita. Wengi wa watoto hao ni Waislamu, na wanaowafundisha ni Wakristo, katika jimbo ambalo wauaji hudai kupigania dini. Sipendi kulikuza jambo hili kupita kiasi: mashambulizi yanaendelea, na Julai 2025 makumi ya maelfu walikimbia tena wilayani Chiúre. Shule ya jioni haizuii bunduki. Lakini vita vya Cabo Delgado vilianza na vijana waliokuwa hawana pa kukaa na watu wazima wa kuwasikiliza, na hilo ndilo pengo ambalo vijana wa Pemba wanaojitolea wamechagua kuanza nalo.