Jogoo Asiye na Kilemba

Wengi wetu tulisimuliwa hii hadithi tukiwa wadogo. Hapo zamani paka alikuwa mtumishi wa jogoo. Alimwogopa, kwa sababu jogoo alikuwa ametangaza kwamba ile nyama nyekundu kichwani mwake ni moto, na atakayemletea ujeuri atachomwa. Siku moja moto ukazimika nyumbani kwa paka. Mtoto akatumwa kwa jogoo na nyasi kavu. Akamkuta jogoo amelala fofofo, akazigusisha zile nyasi kwenye kilemba. Hazikushika. Akagusa kwa mkono: wala hakikuwa moto. Utumwa ukaishia hapo.

Kuna mahali duniani ambapo hiyo siri ingejulikana mapema zaidi. Oka ni kijiji kilicho magharibi mwa Montreal, mkoa wa Quebec, Kanada. Usiku wa Januari huko, kipimo cha joto hushuka nyuzi 20 chini ya sifuri, na kuna siku kinazidi kushuka. Ukidhani Limuru ya Julai ndiyo baridi, hebu fikiria usiku ambao maji ya kuku yanakuwa jiwe kabla hujamaliza chakula chako cha jioni. Katika usiku kama huo, kilemba cha jogoo kinaganda. Kinaanza kupauka, halafu kinakuwa cheusi, kisha nyama iliyokufa inadondoka. Na mambo hayaishii kwenye urembo. Jogoo aliyeunguzwa na baridi hivyo hupata maumivu, hupoteza hamu ya kula, na uwezo wake wa kurutubisha mayai hushuka.

Mwili wa kuku wenyewe haukuumbwa dhaifu. Joto lake ni karibu nyuzi 41, kuliko letu. Akilala hutunisha manyoya, na hewa iliyonaswa humo ndani inakuwa blanketi. Miguu anaikalia, kichwa anakificha chini ya bawa. Shida ni zile sehemu zisizo na manyoya: kilemba juu, na zile ndevu mbili za nyama zinazoning'inia chini ya mdomo. Kazi yake mojawapo ni kupoza mwili wakati wa joto, na ndiyo maana damu nyingi hupita humo. Kuku wa aina ya Leghorn, ambao asili yao ni Italia, wana kilemba kikubwa kama bendera. Kwenye jua la Mediterania hiyo ni baraka. Quebec, ni balaa. Tena kila wanapokunywa, ndevu zinachovya kwenye maji. Maliza hesabu mwenyewe.

Kwa muda mrefu wakulima wa nchi za baridi walikuwa na dawa moja kali ya tatizo hilo: wembe. Walimkata kuku kilemba kabla baridi haijamkata.

Mtu aliyeliuliza swali kwa njia nyingine alikuwa mtawa. Bruda Wilfrid Châtelain aliishi katika monasteri ya Watrapisti ya Oka, iliyoanzishwa mwaka 1881, na alisimamia kuku katika shule ya kilimo ya watawa hao. Inasimuliwa kwamba mwaka 1907 baba yake alikuja kumtembelea, wakawa wanazunguka mabandani. Hapo ndipo Wilfrid alipogutuka: kuku wote hao wametoka Uingereza, Italia, Marekani. Wa Kanada yuko wapi?

Mwaka 1908 akaanza kazi. Alichukua jogoo wa Cornish, mnene, kilemba kidogo kilichobana kichwani, akampandisha kwa mitetea wa Leghorn, wale mabingwa wa kutaga. Pembeni akampandisha jogoo wa Rhode Island Red kwa mitetea wa Wyandotte, ambao kilemba chao kimelala bapa. Mwaka uliofuata akaunganisha watoto wa pande hizo mbili. Mwaka 1910 akaongeza damu ya Plymouth Rock mweupe. Baada ya hapo ni kuchagua tu, kizazi baada ya kizazi: huyu abaki, huyu aende jikoni.

Miaka hiyohiyo, vilemba vya kuku vilikuwa gumzo la sayansi. Kazi ya Gregor Mendel, mtawa mwingine, ilikuwa imefufuliwa mwaka 1900 baada ya kusahaulika. Mwaka 1902 William Bateson wa Uingereza akaonyesha kwamba sheria za urithi ambazo Mendel alizigundua kwenye njegere zinafanya kazi kwa wanyama pia. Mnyama aliyemtumia? Kuku. Sehemu mojawapo ya mwili aliyoifuatilia? Kilemba. Kumbe kile kilemba kilichomtisha paka kilikuwa kimebeba somo zima la urithi.

Mwaka 1918 Bruda Wilfrid alimwonyesha kuku wake hadharani. Mweupe pe, manyoya mazito, jogoo wake akifika karibu kilo nne. Kilemba kilikuwa kidogo kama kifungo, kimelala kwenye fuvu, na ndevu karibu hazionekani. Alikuwa na nyama ya kutosha, na sifa yake kubwa ilikuwa kutaga katikati ya kipupwe. Alimwita Chantecler, jina linalotokana na maneno mawili ya Kifaransa: kuimba, na wazi. Mwaka 1921 chama cha wafugaji wa kuku cha Marekani kikamwingiza kwenye orodha yake rasmi ya aina za kuku.

Hakuna hata mmoja wa mababu wa kuku huyo aliyekuwa mzawa wa Kanada. Wote walikuja kwa meli au kwa treni. Kilichomfanya awe mwenyeji ni ule usiku: aliweza kulala pale bila kuumia. Sisi tuna neno tunalolitumia kila siku hotelini bila kulifikiria, kienyeji. Limetokana na mwenyeji. Oka inatuambia kwamba uenyeji si lazima uzaliwe nao. Unaweza kutengenezwa, kwa subira, na mtu anayeangalia mahali alipo na kukubali kwamba mahali hapo pana masharti.

Lakini kuku mzuri akilazwa vibaya atakufa tu. Hapa ndipo ubinadamu wetu hutuponza. Baridi ikija, mtu mwenye huruma hufanya nini? Anaziba kila tundu. Anapachika magunia dirishani, anafunga mlango kwa misumari, anaenda kulala akiwa na dhamiri safi. Ndani, kuku wanapumua usiku kucha, na kinyesi chao kina maji mengi. Unyevu unapanda, hauna pa kutokea. Hewa inajaa ule ukali wa mkojo unaochoma macho na mapafu. Kisha unyevu unatua kwenye vilemba, na hapo baridi inapata pa kushika. Baridi kavu kuku anaivumilia kuliko hewa yenye maji.

Mwanzoni mwa karne ya 20 watu kadhaa walipiga kelele kuhusu jambo hili. Mmoja wao alikuwa Prince T. Woods, daktari wa Marekani aliyeandika mwaka 1912 kuhusu mabanda ya hewa wazi. Banda lake lilikuwa refu kuelekea ndani. Pande tatu zimezibwa barabara, upande wa kusini ambako jua la kipupwe hutokea uko wazi, una waya tu. Kuku wanalala kule nyuma, upepo hauwafikii, lakini hewa inazunguka. Majirani lazima walimwona mwendawazimu. Hata hivyo kanuni hiyo ndiyo wafugaji wadogo wa nchi za baridi wanaifuata mpaka leo: pakavu, matundu ya hewa juu ya vichwa vya kuku, nyasi nyingi sakafuni, na gogo pana la kulalia ili manyoya ya tumbo yafunike vidole. Jioni wanawapa mahindi, maana kusaga chakula usiku kunaleta joto.

Na bata je? Bata mweupe wa Pekin, yule asili yake Uchina, alizaliwa na jibu ambalo Bruda Wilfrid alilitafuta miaka kumi: hana kilemba wala ndevu. Damu yenye joto inayoshuka miguuni hupita sambamba na ile ya baridi inayopanda, ikaipasha, ndiyo maana anaweza kusimama kwenye barafu. Tatizo lake ni lile la mgeni mchafu: anamwaga maji kila mahali, na banda analolala na kuku hulowa upesi. Lakini bata tunayemjua sisi mitaani, yule mwenye nyama nyekundu zenye vinundu usoni, ni Muscovy, mtoto wa joto la Amerika ya Kati na Kusini. Mpeleke Oka bila kibanda kizuri na uso wake utamfanya ajute.

Ukisoma mpaka hapa unaweza kudhani Chantecler alishinda. Wapi! Kulikuwa na njia ya pili ya kupambana na usiku, na ilikuwa na pesa.

Njia hiyo ilisema: mwache kuku alivyo, badilisha usiku. Zamani ilishindikana, maana kuku waliofungiwa ndani kipupwe kizima walilegea miguu. Miaka ya 1920 wanasayansi, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, wakaonyesha kwamba walichokikosa ni vitamini D, ile tunayoipata kwa jua, na kwamba mafuta ya ini la samaki yanaweza kuziba pengo. Siku za Desemba huko Quebec hazifiki saa tisa za mwanga, na mtetea huhitaji kama saa 14 ili atage vizuri. Taa ya umeme ikamaliza hilo. Mwaka 1923, huko Delaware, Marekani, Cecile Steele aliagiza vifaranga 50 akaletewa 500. Hakuwarudisha. Aliwalea kwa ajili ya nyama, akauza kwa faida, na kufikia 1926 alikuwa na nafasi ya kuku 10,000. Biashara ya broila ikaanza hivyo.

Mara tu joto na mwanga vilipoweza kununuliwa, nani angemhitaji kuku aliyetengenezwa kwa ajili ya giza na barafu? Kilichotakiwa ni kuku anayekua haraka kuliko wote, awe wa wapi asiwe wa wapi. Chantecler akaanza kupotea shamba moja baada ya jingine. Mwaka 1979 kundi la Chuo Kikuu cha Saskatchewan lilipokwisha, ikatangazwa kwamba ametoweka duniani.

Hakuwa ametoweka. Alikuwa kwenye mashamba madogo, kwa watu ambao hawakuulizwa na mtu, waliokuwa wakiendelea kumfuga kwa sababu anataga wakati wa theluji. Kutoka kwao aina hiyo ikafufuliwa, na mwaka 1999 bunge la Quebec likapitisha sheria ya kumtambua kama sehemu ya urithi wa kilimo wa mkoa huo.

Hadithi hii inatuhusu. Kenya ilianza mpango wake wa kitaifa wa kuendeleza kuku mwaka 1976, kwa msaada wa Uholanzi, na kazi mojawapo ilikuwa kubadilishana majogoo: toa wako wa kienyeji, chukua wa kigeni. Nia ilikuwa njema, familia zile zaidi. Lakini kuna sifa ambazo hazionekani kwenye mizani. Kuku wa shingo uchi anapoza mwili kwenye joto kuliko mwenzake aliyejaa manyoya. Kuchi wa pwani, yule mrefu mwenye shingo ya ubishi, ana watu wake Lamu. Hakuna mtawa aliyewaandikia tarehe, lakini nao wametengenezwa na mahali, usiku baada ya usiku.

Kuku wa gredi ana faida zake, na mimi chipsi kuku nakula kama wewe. Ila yeye amekodishiwa usiku wake. Stima ikipotea saa nane usiku, makaa yakipanda bei, deni hilo linadaiwa papo hapo, na kwa vifaranga linalipwa kabla ya asubuhi. Chantecler aliokolewa na wafugaji wachache ambao hawakubadilisha majogoo wao. Wetu bado wako vijijini, kwa akina shosho na nyanya zetu, na hakuna sheria inayowahitaji kusubiri mpaka mtu atangaze kwamba wameisha.