Kitufe Chekundu

Mtoto wa Timbwani atumwaye mashineni kusagisha mahindi huona ukutani vitufe viwili, kimoja cha kijani na kimoja chekundu. Cha kijani huiendesha mashine, na chekundu huisimamisha. Watu wengi hudhani kwamba kitufe chekundu hupeleka amri ya kusimama, kama tarishi apelekavyo barua. Sivyo. Kitufe hicho hakipeleki kitu. Kazi yake ni kukata. Tofauti hiyo yaonekana ndogo, lakini watu wengi walipoteza maisha yao kabla haijatiliwa maanani.

Natutazame kwanza namna kazi ifanyikavyo. Ndani ya kisanduku cha vitufe mna swichi iitwayo kontakta. Sumaku ya umeme huvivuta vyuma vyake vikagusana, na umeme ukapita kwenda kwenye mota. Umeme mdogo unaoilisha sumaku hiyo hupita kwanza katika kitufe chekundu. Maadamu njia yake ni nzima, sumaku hushika na mota huzunguka. Kitufe kikibonyezwa, njia hukatika, sumaku huachia, springi huvitenga vyuma, na mota hukosa umeme. Lakini tazama jambo lililo kuu: panya akiukata waya wa kitufe, au umeme wa mtaa mzima ukizimika, matokeo ni yale yale. Mashine husimama. Tena umeme urudipo, mashine haianzi yenyewe mpaka mtu abonyeze kitufe cha kijani. Hivyo msagaji aliyetia mkono kuisafisha wakati wa giza hashtukizwi na mota.

Fikira hii ilistawi katika reli. Mwaka 1869 George Westinghouse wa Marekani alibuni breki za hewa. Katika breki zake za kwanza dereva alipeleka hewa mabehewani ili kuyasimamisha; bomba likipasuka, gari la moshi lilikosa breki. Mwaka 1872 aliligeuza jambo hilo. Hewa ikakaa bombani wakati wote ili kuzizuia breki zisishike, na bomba likipasuka breki hushika zenyewe. Mwaka huo huo William Robinson, naye wa Marekani, alipata hati ya ubunifu wa mtambo wa ishara za reli. Katika mtambo huo umeme ulipita katika vyuma vya reli daima na kuilisha sumaku. Gari lilipoingia, au chuma kilipovunjika, au betri ilipokwisha, sumaku iliachia na ishara ikaonyesha hatari.

Hata hivyo si wote waliofuata hekima hiyo upesi. Tarehe 12 Juni 1889, karibu na mji wa Armagh katika Ireland, gari la moshi lililojaa watoto na wazazi waliokwenda matembezini lilishindwa kupanda kilima. Wafanyakazi wakalikata vipande viwili ili wapeleke cha mbele kwanza. Breki za mabehewa ya nyuma zilikuwa za namna ile isiyoshika yenyewe. Yalipoachanishwa na injini, hazikufaa tena. Mabehewa yakateremka kwa kasi na kugongana na gari lililokuwa likifuata. Watu wapatao 80 walikufa, miongoni mwao watoto. Kabla ya mwaka huo kwisha, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kulazimisha breki zinazoshika zenyewe katika magari ya abiria.

Reli yetu ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, miaka saba baada ya msiba huo. Kampuni ya umeme iliundwa Mombasa mwaka 1908, na mwaka 1922 ikaungana na ile ya Nairobi. Basi mitambo ya umeme ilipoenea pwani yetu, funzo hili lilikuwa limekwisha kugharimiwa na wengine.

Lakini waya wa kitufe nao wahitaji kulindwa. Hewa ya pwani ina unyevu na chumvi, na ganda la waya huweza kuchakaa. Tuseme waya huo umegusa mwili wa mashine, ambao umeunganishwa na ardhi. Ikiwa fundi alikiweka kitufe baada ya sumaku, katika njia ya umeme urudio, umeme utapata njia nyingine kupitia mwili wa mashine. Sumaku itaendelea kushika, na mtu atabonyeza kitufe bila faida. Kwa hiyo fundi mwema hutia fyuzi na kitufe katika upande wa umeme uingiao, na sumaku huiunganisha moja kwa moja na upande uliofungwa ardhini. Hapo waya ukigusa chuma, fyuzi huungua, sumaku huachia, na mashine husimama.

Mitambo mikubwa hujikata yenyewe bila kungoja mkono wa mtu. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili aliangukia transfoma katika kituo cha umeme cha Gitaru, nayo ikajizima. Mitambo mingine ya kituo ikazidiwa na mzigo, ikajizima pia. Zaidi ya megawati 180 zilipotea, na Kenya ikaingia gizani kwa saa kadhaa. Giza lile lilikuwa hasara. Lakini mtambo uliojizima huwashwa tena, na ulioungua hauwashwi.

Sheria za siku hizi zataka kitufe cha dharura kiwe chekundu juu ya rangi ya manjano, kibaki kimezama baada ya kubonyezwa, na kukiachia kusiiendeshe mashine. Pamoja na hayo, wako watu ambao mashine ikisimama mara kwa mara huunganisha waya kukiruka kitufe, ili kazi isikawie. Mashine yao huendelea kusaga kama kawaida, hata siku ile mkono wa mtu utakaponaswa, na mwenziwe atakapokimbilia kitufe akibonyeze. Tahadhari kabla ya hatari. Ewe mwanafunzi utakayekuwa fundi kesho, mashine ikisimama bila kuamriwa, usiikasirikie. Tafuta kwanza sababu iliyoisimamisha.