Marudio ya Namna Tatu: Addis Ababa, Fanki na Santuri ya Dijei

Mwaka 2009, mjini Los Angeles, dijei Cut Chemist alifungua onyesho la Mulatu Astatke, mwanamuziki wa jazi kutoka Ethiopia, kwa mashine moja ya santuri na kifaa cha kurudia sauti, akichezesha rekodi za zamani kutoka Afrika. Baadaye mzee mwenyewe alishika vijiti vya vibrafoni. Jazi ya Ethiopia, fanki na udijei viliafikiana jukwaani kwa sababu vyote hujengwa juu ya marudio. Hata hivyo, kila kimoja hurudia kwa shabaha yake.

Mulatu alisomea muziki London na Boston. Jazi aliyoikuta huko ilikuwa na noti kumi na mbili. Nyumbani kwao ngazi kuu za muziki, zikiwemo tizita, bati, ambasel na anchihoye, zina noti tano. Aliweka upatanifu wa jazi chini ya noti hizo tano bila kuzimeza. Besi hurudia fungu lilelile, na juu yake saksofoni hutetemesha noti moja kwa muda mrefu, kama azmari, mwimbaji wa jadi wa Ethiopia, anavyoipinda sauti yake juu ya masenqo, fidla yenye uzi mmoja. Hapa marudio ni uwanja wa madoido.

Katika fanki, marudio ni nidhamu. Tangu James Brown alipotoa “Cold Sweat” mwaka 1967, gitaa, besi na tarumbeta vilipigwa kama ngoma, kila ala ikirejea kwenye pigo la kwanza kwa wakati wake. Azmari husifiwa kwa kuongeza. Mpiga gitaa wa fanki husifiwa kwa kujizuia.

Dijei naye hurudia ili kurefusha. Huko Bronx, miaka ya 1970, dijei Kool Herc alitumia nakala mbili za santuri moja ili kipande cha ngoma kisiishe mapema. Sanaa hiyo ilizaliwa kwenye sherehe za majengo ya kupanga, ilhali bendi kubwa za Addis Ababa zililelewa na ikulu, jeshi na polisi. Azmari hubadili wimbo kulingana na aliyeketi mbele yake. Dijei huchukua wimbo uliokwisha kurekodiwa na kuupa mwendo mpya. Lakini wote wawili husoma nyuso za wasikilizaji kabla ya kuamua lifuatalo.

Historia ndiyo iliyowakutanisha. Baada ya mapinduzi ya Ethiopia ya 1974, amri ya kutotoka nje ilizima maisha ya usiku ya Addis Ababa, lakini santuri za Amha Records, kampuni iliyoanza mwaka 1969, zilibaki. Msururu wa albamu uitwao Éthiopiques ukaueneza tena muziki huo duniani, na mwaka 2010 rapa Nas na mwimbaji Damian Marley walijenga wimbo “As We Enter” juu ya kipande cha “Yegelle Tezeta” ya Mulatu.

Kipande cha sekunde chache hukamata mdundo, ila ngazi ya Kihabeshi huhitaji muda ili ifunguke. Ndiyo maana mchanganyiko huu hutimia zaidi jukwaani: dijei anawakusanya watu kwa mdundo wanaoujua, kisha anamwachia bwana wa vibrafoni nafasi ya kuwapeleka hadi mwisho wa wimbo.