Sauti ya Mwenye Shida Katika Njia za Hewani



Twapenda leo kuwasimulia habari za jambo lisiloonekana kwa macho, ambalo limeokoa roho za watu wengi, na lilipopuuzwa limewapoteza wengi pia. Jambo hilo ni kanuni za kugawanya njia za hewani, yaani kuamua ni nani apewe ruhusa ya kupeleka sauti kwa redio, kwa njia ipi, kwa nguvu kiasi gani, na ni nani anyamaze ili mwenye kuomba msaada asikiwe. Watu wengi wadhani ya kuwa leseni ya redio ni kodi tu ya Serikali. Historia yatuonyesha vingine, nasi twataka kuifuata tangu mwanzo wake baharini mpaka miaka yetu hii.

Kwanza yafaa tuelewe kazi yenyewe. Redio hupeleka mawimbi, na kila wimbi lina mwendo wake wa kutikisika. Chombo cha kupokea hutegwa kufuata mwendo mmoja na kuiacha mingine. Mwendo huo ndio tutakaouita njia. Wawili wakisema katika njia moja, wakati mmoja, mahali pamoja, msikilizaji hapati maneno ya huyu wala ya yule, bali mvumo tu. Tena liko jambo la pili, nalo twaomba mlishike vizuri, maana litarudi katika habari hii: aliye karibu humfunika aliye mbali. Mtu anenaye sikioni mwako aweza kukuzuia usimsikie anayepiga ukelele ng'ambo ya mto. Hana nia mbaya. Yu karibu tu.

Vyombo vya Marconi vilipoanza kutumika, watu waliviita simu ya upepo, na mara faida yake kubwa ikaonekana baharini. Katika mwaka 1899 merikebu ya taa iliyowekwa penye mafungu ya mchanga ya Goodwin, pwani ya Uingereza, iligongwa na merikebu nyingine, ikaita msaada kwa simu ya upepo. Lakini upesi yakatokea mashindano ya biashara. Wapiga simu wa kampuni ya Marconi walikatazwa kusemezana na merikebu zenye vyombo vya kampuni nyingine. Fikirini, wasikilizaji: merikebu yaweza kuzama mbele ya kituo chenye masikio, lakini kituo kisijibu kwa sababu chombo kilichoita kimetengenezwa na mshindani! Kwa hivi mataifa yalikutana Berlin katika mwaka 1906, wakapatana ya kuwa kila kituo cha pwani lazima kijibu kila merikebu bila kuuliza chombo ni cha nani, na ya kuwa wito wa shida utangulie mbele ya maneno mengine yote. Wito wenyewe ukawa ni zile herufi 3 zijulikanazo duniani kote, SOS.

Ilidhaniwa ya kuwa mambo yametengenea. Hata ikafika usiku wa tarehe 14 Aprili 1912. Merikebu kubwa Titanic ilikuwa yavuka bahari ya Atlantiki kwenda New York, na mpiga simu wake, Jack Phillips, alikuwa akipeleka salamu za abiria kwenye kituo cha Cape Race, katika nchi ya Newfoundland. Kituo kile kilikuwa mbali, na sauti yake hafifu. Karibu na saa 5 ya usiku, Cyril Evans, mpiga simu wa merikebu Californian, aliita kutoa habari ya kuwa wao wamesimama kwa sababu ya barafu. Californian ilikuwa jirani: kwa hesabu ya nahodha wake, umbali haukufika maili 20. Basi sauti ya Evans ikaingia kwa kishindo, ikaifunika ile ya Cape Race. Phillips akamwambia anyamaze. Evans alikuwa peke yake katika kazi ile, hana wa kumpokea zamu. Alingoja kidogo, kisha akafunga chombo chake akalala. Saa 5 na dakika 40 Titanic ikaligonga jabali la barafu.

Phillips akaita msaada mpaka dakika za mwisho, naye akafa. Jirani wa karibu alikuwa amelala. Aliyesikia ni Harold Cottam wa merikebu Carpathia, iliyokuwa mbali kwa maili 58, naye alikuwa karibu kwenda kulala. Titanic ilizama saa 8 na dakika 20 ya usiku; Carpathia ilifika yapata saa 10 ya alfajiri, ikaokoa watu zaidi kidogo ya 700. Waliokufa walizidi 1,500. Tena siku iliyofuata hewani palijaa maneno ya ovyo, vituo vingi vikisema pamoja, hata magazeti mengine yakatangaza ya kuwa abiria wote wamesalimika na merikebu yavutwa kwenda Halifax. Jamaa za watu walifurahi kwa siku moja, kisha wakalia.

Hapo ndipo sheria iliposhika nguvu. Tarehe 13 Agosti 1912 Marekani ilitoa sheria ya kuwa hakuna kituo kitakachopeleka mawimbi bila leseni, wala mpiga simu asiye na cheti. Wale wapendao redio kwa kujifurahisha walisukumwa kwenye mawimbi mafupi yasiyozidi mita 200, mbali na yale ya merikebu. Katika mwaka 1914 mataifa yakapatana huko London juu ya ulinzi wa maisha baharini, na juu ya merikebu ambazo masikio yake hayana ruhusa kulala. Baadaye ikawekwa kanuni nzuri sana: katika njia ya wito wa shida, mara mbili kila saa, wote walinyamaza kwa dakika 3 wakasikiliza tu. Saa za ukutani katika vyumba vya simu zilitiwa rangi nyekundu mahali pa dakika zile, ili mpiga simu asisahau. Desturi hiyo ilidumu miaka mingi, mpaka vyombo vya namna mpya vilipochukua mahali pake mwishoni mwa karne ile, katika mwaka 1999.

Sasa na tutoke baharini twende mjini. Sheria ile ya 1912 ilikuwa na upungufu mmoja: Waziri wa Biashara aliamriwa kutoa leseni, lakini hakupewa uwezo wa kumnyima aombaye. Katika mwaka 1926 mahakama ya Chicago ilihukumu ya kuwa Waziri hawezi kuiadhibu kampuni iliyohamia njia isiyopewa. Mara vituo vikahama kila kimoja kitakako, vikaongeza nguvu, na watu majumbani wakasikia milio na mivumo badala ya nyimbo. Fahali wawili hawakai zizi moja, na hapo mafahali walikuwa mamia. Tarehe 23 Februari 1927 ikatoka sheria mpya iliyounda Halmashauri ya Redio, yenye uwezo wa kutoa leseni na wa kunyima, kwa kutazama manufaa ya watu wote. Katika mwaka 1934 kazi hiyo ilipewa Halmashauri ya Mawasiliano, iliyopo mpaka leo, ijulikanayo kwa herufi FCC.

Siku zile polisi wa mji wa Detroit walikuwa wakijaribu kuwaita askari wao waliomo katika motakaa. Wahalifu walikuwa na motakaa za mbio, lakini askari wa doria hakuweza kupata habari mpaka asimame penye simu ya waya. Mkuu wa polisi, William Rutledge, alipata leseni, lakini sheria haikuwa na mahali pa polisi: kituo chake kilihesabiwa pamoja na vituo vya burudani, kikapaswa kupiga muziki, na habari za wezi zipite katikati ya nyimbo. Tarehe 7 Aprili 1928, baada ya taabu ya miaka mingi, kituo kilianza kazi kwa hakika, kikiwaita askari katika motakaa zao. Askari alisikia tu, hakuweza kujibu. Katika mwaka 1933 polisi wa Bayonne, katika jimbo la New Jersey, walipata vyombo vya kusema na kujibu.

Miji mingi ikaiga, na njia zikawa chache kuliko miji. Tena mawimbi yale yalikuwa na tabia ya ajabu: mchana yalikwenda karibu, lakini usiku yaligonga tabaka za juu angani yakarudi chini mbali sana, hata askari wa mji mmoja akasikia amri za mji mwingine asioujua. Hapo wenye kazi hiyo walitambua ya kuwa leseni peke yake haitoshi. Yapasa majirani wapatane. Katika mwaka 1935 maofisa wa mawasiliano ya polisi waliunda chama chao, kiitwacho kwa kifupi APCO, na mojawapo ya kazi zake ikawa upatanishi wa njia.

Upatanishi huo hufanywaje? Mji utakao njia mpya humwendea kwanza mpatanishi. Yeye hutazama ni nani atumiaye njia hiyo, au iliyo kando yake. Mlingoti wake uko umbali gani, una urefu gani, wapeleka kwa nguvu kiasi gani. Na katikati mna vilima au nchi tambarare. Kisha husema: njia hii yafaa, au haifai, au yafaa iwapo nguvu zitapunguzwa. Ndipo maombi yaendapo kwa Halmashauri. Ni kama desturi ya wakulima wa mfereji mmoja: Serikali yaweza kukupa shamba, lakini zamu ya maji wapatana na jirani zako mbele ya mzee anayeujua mfereji. Katika mwaka 1986 Halmashauri iliwapa wapatanishi hao nafasi rasmi katika kanuni zake.

Hata hivyo kosa la kale lilirudi kwa sura mpya. Katika nafasi ya megahezi 800 Halmashauri ilikuwa imezipanda njia za polisi na zimamoto katikati ya njia za wafanya biashara, kama mahindi na maharage katika shamba moja. Mwanzoni hapakuwa na shida, maana wote walitumia mlingoti mmoja mrefu kwa mji mzima. Lakini katika miaka ya 1990 kampuni ya Nextel ilikusanya njia nyingi za biashara, ikajenga simu za mkononi zenye milingoti mingi mifupi, karibu na barabara. Sasa askari aliyesimama chini ya mlingoti wa kampuni, huku kituo chake mwenyewe kiko mbali, hakusikia kitu. Aliomba msaada, hakujibiwa. Aliye karibu alimfunika aliye mbali, kama usiku ule wa Titanic.

Angalieni jambo hili, wasikilizaji, kwa kuwa ndilo kiini cha maneno yetu. Kampuni ilikuwa na leseni. Polisi walikuwa na leseni. Mtu aweza kutimiza kila neno la sheria yake, na bado akamziba jirani masikio. Leseni hukupa haki ya kusema. Haiwezi peke yake kukuhakikishia ya kuwa utasikiwa. Kwa hivi katika mwaka 2004 Halmashauri iliamuru njia zote zipangwe upya, polisi na zimamoto upande mmoja, simu za mkononi upande mwingine. Kampuni ilipaswa kulipa gharama za kuwahamisha, nayo ikapewa nafasi nyingine karibu na megahezi 1,900. Ilitazamiwa kazi ichukue miaka 3. Wenye leseni waliopaswa kuhama walizidi 2,000, na katika mpaka wa Mexico ilibidi kungoja mapatano ya nchi mbili, yaliyotiwa sahihi katika mwaka 2012, kwa maana mawimbi hayasimami mpakani kuonyesha hati. Kazi ilikwisha katika mwaka 2021. Wazee wetu walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nao ukuta huu ulijengwa kwa miaka 16 na zaidi.

Je, yatuhusu nini sisi tukaao mbali na Detroit na Chicago? Yatuhusu sana. Njia za redio za FM tuzisikilizazo majumbani huishia megahezi 108, na papo hapo huanza njia za vyombo viongozavyo ndege. Kijana fundi aundaye kituo chake bila leseni, kwa vyombo visivyokaguliwa, aweza kumwaga mawimbi yake ng'ambo ya mpaka huo. Yeye afikiri ya kuwa awapigia jirani zake muziki. Rubani aliye mawinguni asikia mvumo badala ya sauti imwongozayo. Ndiyo maana Tanzania ina Mamlaka ya Mawasiliano, na Kenya kadhalika, zenye kutoa leseni na kuwatafuta waingiliao njia za wengine.

Basi twawaomba walimu wawaeleze wanafunzi mambo haya, na wenye vyombo vya kupeleka sauti wakumbuke. Mwenye leseni na aitumie njia yake tu, kwa nguvu alizopewa. Akiambiwa ya kuwa amwingilia jirani, asijibu ya kuwa leseni anayo. Na aende akakaguliwe, wapatane. Na katika njia za msaada, asiye na shida na anyamaze. Kila kanuni ya namna hii ilitungwa baada ya mtu kuita asisikiwe, na baharini usiku ule wa 1912 walikuwako zaidi ya 1,500.